Aibu ya chombo husemwa kabla ya bei

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nimepata kukitembeza kibaya, tena si mbuzi wala baiskeli, bali ndege ya injini mbili, kuukuu, iliyopakwa rangi mpya ikameta kama pete ya bibi arusi. Yaliyonifika katika biashara hiyo nimekaa nayo miaka mingi bila ya kuyasimulia. Lakini kwa kuwa sisi watu wa pwani tumekuwa wauzaji na wanunuzi wa kila chombo kilichotumika, kuanzia pikipiki hadi mashine ya mashua, nimeona heri niyaandike, huenda yakamfaa mtu.

Ilikuwa mwaka 2010. Nilikuwa nimekwisha staafu kazi ya ufundi wa ndege, ambayo niliifanya Nairobi kwa miaka mingi, na nimerudi kwetu kusini mwa Mombasa kujenga nyumba. Nyumba ilikuwa na kuta bila ya paa. Mzee mmoja niliyemfahamu tangu zamani akaniita, akaniambia, "Bwana fundi, ile ndege yangu nimechoka nayo. Niuzie. Ikifika dola 55,000 utapata tano kwa mia." Nilipiga hesabu papo hapo: dola 2,750. Mabati, mbao na ujira wa seremala, vyote vilikuwa humo. Nikakubali kabla hata ya kumaliza kahawa yake.

Kabla ya kuendelea, yafaa msomaji aelewe ndege yenyewe ni ya ukoo gani, kwani ndege hizi ndogo za injini mbili zina historia ndefu katika nchi zetu. Mwaka 1929 bibi mmoja wa Kiingereza, Florence Kerr Wilson, alianzisha shirika la Wilson Airways mjini Nairobi, na jina lake ndilo lililobakia katika kiwanja cha Wilson mpaka leo. Vita vya mwaka 1939 vililimaliza shirika hilo. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipoanza safari zake mwezi wa Januari 1946, lilikuwa na ndege sita tu, zote za aina ya De Havilland Dragon Rapide. Shirika hilo nalo lilikuja kuvunjika mwaka 1977, mwaka ule ule ilipovunjika Jumuiya.

Hiyo Rapide, ndugu msomaji, ungeiona ungedhani imeundwa na mafundi wa Lamu. Mbavu zake zilikuwa za mbao, na mabawa yake yamevishwa kitambaa kilichoshonwa, kikakazwa kwa dawa mpaka kikalia kama ngoma. Ilikuwa na mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, na injini mbili. Waingereza waliziunda zaidi ya 700 tangu mwaka 1934. Mbao na kitambaa: ni mashua na tanga lake, isipokuwa bahari yake ni hewa.

Na jirani zetu wa Shimoni walipata kumwona mtu aliyeponea ndani ya Rapide. Januari 1954 mwandishi wa Kimarekani, Ernest Hemingway, alikuwa akitembea Uganda. Ndege yake ya kwanza, Cessna ndogo, iligonga waya wa simu karibu na maporomoko ya Murchison ikaanguka. Akaokolewa, akapelekwa Butiaba, akapandishwa Rapide ili aende akatibiwe. Nayo ikashika moto ilipokuwa ikijaribu kuruka. Mlango ulikwama, akauvunja kwa kichwa na mabega. Magazeti ya ulimwengu yalikwisha mtangaza kuwa amekufa. Mwezi uliofuata akaja Shimoni, kwenye kambi ya uvuvi, akiwa na majeraha mwili mzima. Mwaka huo huo akapewa tuzo ya Nobel.

Ndege niliyopewa mimi kuiuza ilikuwa ya kizazi kilichofuata, kizazi cha alumini. Ilikuwa Piper Aztec, iliyoundwa Marekani mwaka 1968, yenye viti sita na injini mbili za Lycoming, kila moja nguvu za farasi 250. Ndege za aina hii zilizagaa Afrika Mashariki. Zilibeba madaktari, watalii, fedha za mishahara na magunia ya mirungi. Kiwanda kiliacha kuziunda mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo kila Aztec inayoruka leo ni kizee.

Sasa, ndege kuukuu huuzwaje? Watu hudhani ni kama gari, ukatazama rangi, ukapiga teke gurudumu. La. Ndege huuzwa kwa daftari. Kiwiliwili kina daftari lake, kila injini ina lake, na kila rafadha ina lake. Kila saa ya kuruka huandikwa, na kila msumari uliobadilishwa huandikwa, pamoja na sahihi ya fundi na namba ya leseni yake. Kiwanda cha Lycoming hupendekeza injini za namna ile zifunguliwe na kufanywa upya zikifika saa 2,000, au zikipitisha miaka 12 hata kama hazikutumika sana, kwa sababu kutu haihesabu saa. Mali bila daftari hupotea bila habari, nasi mafundi tulikuwa tukisema ndege bila daftari ni bati la kuuzwa kwa kilo.

Tena injini mbili maana yake ni gharama mbili: plagi mara mbili, pampu mara mbili, petroli mara mbili. Na petroli hiyo si ile ya gari, wala si yale mafuta ya ndege kubwa, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa. Ni petroli yake maalumu, ghali, na kila mwaka viwanja vinavyoiuza hupungua. Baada ya mnunuzi kuridhika, karatasi hupelekwa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, iliyoundwa mwaka 2002, ili jina la mwenye ndege libadilishwe, na bila ya cheti cha ubora wa kuruka, ndege haiondoki ardhini.

Ya Mzee ilikuwa na madaftari yote, yamefungwa kwa kitambaa cha kijani. Injini ya kulia ilikuwa na saa 600 tangu ifanywe upya, ya kushoto saa 1,400. Nikafurahi. Nikaandika tangazo, nikalituma Nairobi, Arusha na kwingineko. Baada ya majuma matatu akatokea mnunuzi, bwana mmoja kijana aliyetaka kuanzisha biashara ya kubeba wageni. Aliitazama ndege mara moja, akapanda, akakamata usukani, akatabasamu. Nikajua ameshanaswa. Alisema atarudi baada ya siku kumi na fedha zake.

Siku mbili baadaye nilikwenda kuiosha ndege kwa ndani. Nilipofungua mlango nikasikia harufu ya unyevu, harufu ile ile ya sanduku la nguo lililolowa. Nikainua zulia. Nikafungua kifuniko cha sakafu.

Hapa ni lazima nieleze jambo moja. Aztec kwa nje ni alumini, lakini ndani ya kiwiliwili chake, pale wanapokaa watu, kuna kiunzi cha bomba za chuma zilizounganishwa kwa kuchomelewa. Kiunzi hicho ndicho mataruma yake. Mabawa yameshikana nacho. Ndege hiyo ilikuwa imeegeshwa miaka saba karibu na bahari, mvua ikipenyeza dirishani, chumvi ikitua usiku na mchana. Nikashika bisibisi, nikaibonyeza bomba ya chini upande wa kushoto. Ncha ikaingia. Chuma kilikuwa kimekuwa kama mkate mkavu.

Daftari halikusema neno juu ya kutu hiyo. Si kwamba fundi aliyetangulia alidanganya. Nadhani tu hakuna aliyeinua zulia.

Nikampigia simu Mzee. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Bwana fundi, rudisha kifuniko. Huyo kijana ni mtu mzima, ana akili zake. Mkataba utaandikwa kwamba ananunua chombo kama kilivyo na pale kilipo. Akishatia sahihi, yake ni yake." Aliongeza kwamba nisisahau paa langu.

Nilirudisha kifuniko. Naam, nakiri. Nilikirudisha na kuzikaza skurubu zote, nikatandika zulia, nikarudi nyumbani. Usiku ule nilijiambia kwamba mimi si mwuzaji wala si mnunuzi. Mimi ni dalali, na dalali ni ulimi tu wa mwenye mali.

Siku ya tatu yake ilikuwa Ijumaa. Mjomba wangu alikuwa ameniita Majoreni, kwani naye alikuwa akiuza chombo: mashua yake aliyoivulia tangu mimi ni mtoto. Nikapanda gari Ukunda, tukapita Msambweni, tukapita Ramisi ambako kiwanda cha sukari kilikufa zamani, na baada ya njia ya kwenda Shimoni tukaelekea kusini. Msomaji asiyeijua Majoreni, ni kijiji cha wavuvi kati ya Shimoni na Vanga, mikoko mbele, minazi nyuma, na watu wake ni Wavumba na Wadigo ambao mtoto wao hujua kupwa na kujaa kabla ya kujua alifu na be.

Nilimkuta mjomba mchangani. Ilikuwa majira ya kusi, na mashua imepandishwa juu, imelazwa ubavu. Mnunuzi alikuwa mtu wa Vanga, amesimama na mwanawe. Mjomba alikuwa ameshika kisu, akikwangua shahamu chini ya chombo, karibu na mkuku.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Njoo uone."

Alikuwa ameipaka shahamu ile mwenyewe mwezi uliopita, nyeupe, nzuri. Sasa anaiondoa. Chini yake ulionekana ubao uliotobolewatobolewa na wadudu wa baharini, kiasi cha mkono mmoja urefu. Akamwambia yule bwana wa Vanga, "Huu utautoa wote, usijaribu kuuziba. Na humu ndani taruma la tatu kutoka omo limepasuka, niligonga mwamba. Ukiwa joshini inavuja. Ukiwa na upepo wa nyuma haivuji." Kisha akampa kisu, akamwambia, "Sasa tafuta na wewe, huenda kuna nisilolijua."

Bei waliyokuwa wameitaja ilikuwa shilingi 80,000. Yule bwana akazunguka, akagonga, akanusa, akasema 65,000. Mjomba akasema 70,000. Wakapeana mikono kwa 68,000, na Fatiha ikasomwa pale pale.

Tulipobaki wawili nikamwuliza, "Mjomba, shahamu ungeiacha, nani angejua?"

Akafuta kisu chake majanini. "Shahamu ni ya kuzuia maji, mpwa wangu. Si ya kuzuia macho." Halafu akasema neno ambalo yeye mwenyewe alilisema kwa upole tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Yule ana watoto wanne, na huyu mkubwa ndiye atakayekaa ngamani kuteka maji."

Nikanyamaza. Nilikuwa nikiwaza viti sita vya Aztec.

Baada ya sala ya alasiri tuliketi barazani pamoja na maalim mmoja wa hapo, mtu mzima, msomi wa fikihi. Nikamweleza habari yangu kama swali la mtu mwingine, kama tufanyavyo sote. Maalim akaniachia nimalize, akacheka kidogo, akaniuliza, "Huyo mtu mwingine, nyumba yake imebakia paa?" Barazani kulikuwa na kicheko ambacho sitakisahau.

Kisha akatueleza kwa utulivu. Alitukumbusha habari mashuhuri ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka, vidole vyake vikakuta umaji, naye akamkemea mwenye nafaka kwa kuuweka mkavu juu na uliolowa chini. Tena akatukumbusha mafunzo yake kwamba mwuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hutiwa baraka, na wakificha, baraka hufutwa.

Nikamwuliza juu ya ule mkataba wa "kama kilivyo na pale kilipo", maana hilo ndilo nililokuwa nimeliegemea. Hapo maalim akakaa vizuri. Alisema, katika madhehebu yetu ya Shafii jambo hilo limekwisha zungumzwa zamani, nalo limo katika Minhaji ya Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 676 wa Hijra. Mwuzaji akishurutisha kwamba hana dhamana ya aibu yoyote, sharti hilo humwokoa katika jambo moja tu: aibu ya ndani ya mnyama, ambayo mwenyewe hakuijua. Kwani mnyama yu hai, hula na kunywa, maradhi yake hujificha tumboni. Mengine yote hayamo. Na aibu aliyoijua akaificha, hapana karatasi ya kumwokoa. Mnunuzi ana hiari ya kurudisha.

"Basi," akasema, akinitazama kwa jicho la mzaha, "kama ndege yako ni yule mwenye manyoya, ataga na kulia, tunaweza kuzungumza. Lakini kama ni hii ya bati, haina roho. Sharti halifai."

"Na dalali, maalim? Mali si yake."

Mzaha ukamwishia. "Anayeijua aibu, hata kama si mwuzaji, ni wajibu wake kumwambia mnunuzi. Hata mpita njia. Seuze wewe unayelipwa."

Hakusema "huyo mtu mwingine". Alisema wewe.

Usiku nililala Majoreni, na alfajiri nikarudi. Nilikwenda kwa Mzee kabla ya kwenda kwangu. Nikamwambia kwamba ama yeye amwambie yule kijana, ama mimi nitamwambia, na kwamba katika hayo mawili lililo jema kwake ni la kwanza. Alikasirika mno. Aliniambia maneno ambayo sitayaandika, akanikumbusha wema alionitendea, nao ulikuwa wema wa kweli. Nilitoka bila ya kupewa hata maji. Nikangoja siku mbili. Aliponyamaza, nikampigia simu mnunuzi.

Kijana alikuja na fundi wake. Sakafu ikafunguliwa yote. Bomba moja iliyooza zikawa nne. Gharama ya kuchomelea kiunzi upya, pamoja na kuipeleka ndege mahali penye mafundi wa kazi hiyo, ilikaribia thamani ya ndege nzima. Kijana akashukuru, akaenda zake.

Yaliyofuata ndiyo huwa mwisho wa ndege nyingi za umri ule. Ilivunjwa ikauzwa vipande. Injini ya kulia ilipata bei nzuri, kwa sababu ilikuwa na saa chache na daftari safi. Ya kushoto iliuzwa kwa bei ya chini, ikaandikwa wazi kuwa imekaa bila kutumika. Rafadha, redio na magurudumu yakaenda kwa watu mbalimbali, kila kitu na karatasi yake. Mzee alipata jumla isiyofika nusu ya aliyoitaka. Mimi hakunipa kitu, wala sikumdai. Nyumba yangu ilikaa na makuti miaka miwili zaidi, na masika ya kwanza tulisogeza vitanda mara tatu kwa usiku mmoja. Mke wangu alijua sababu. Hakunilaumu, ila kila tone lilipoanguka alinitazama.

Mzee naye hakusema nami kwa muda wa mwaka na zaidi. Tulikutana baadaye kwenye maziko ya mtu wetu sote, tukajikuta tumeshika jeneza upande mmoja. Tulipomaliza kufukia akanipa mkono, akaniuliza habari za nyumba. Nikamwambia imepata paa. Akasema, "Alhamdulillahi." Hatukutaja ndege.

Wasomaji wangu wapenzi, huenda wengi wenu hamtauza ndege maishani. Lakini pikipiki mtauza, na mashua, na friji, na shamba lenye kesi. Mambo niliyojifunza ni machache nayo ni rahisi. Ukinunua, inua zulia, uliza daftari, na usilipe siku ile ile uliyopenda. Ukiuza, kwangua shahamu mwenyewe kabla hujaulizwa bei. Na ukiwa dalali, usijidanganye kuwa wewe ni ulimi tu, kwani macho unayo pia, na ulichokiona utaulizwa.

Mashua ya mjomba bado niliiona mwaka juzi, ufukweni Vanga. Ubao ule karibu na mkuku ulikuwa umebadilishwa, na anayeshika usukani sasa ni yule mwana.